Siku Moja Maporomoko ya Sanje: Mwongozaji Hodari, Ratiba Mbovu

Nimekaa wiki mbili kabla ya kuandika tathmini hii, kwa sababu safari yenyewe ilinipa furaha na kero kwa viwango vinavyokaribiana, na sikutaka hasira za siku ile zishike kalamu kwa niaba yangu. Ninachokitathmini ni safari ya siku moja ya kwenda Maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, niliyoinunua mwezi Julai kwa kampuni ndogo ya utalii mjini Morogoro kwa shilingi 95,000 kwa mtu mmoja. Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na nafasi ya kusoma yote aondoke nayo: mlima, maji na mwongozaji wa hifadhi vilistahili kila shilingi, ila kampuni iliyotupeleka ilichezea muda wetu, na katika safari ya aina hii muda ndio bidhaa yenyewe.

Bei hiyo ilijumuisha usafiri, kiingilio cha hifadhi, malipo ya mwongozaji, chakula cha mchana na maji ya kunywa. Tangazo lao liliahidi mambo matatu ambayo niliyazingatia kabla ya kulipa, nayo ni kundi lisilozidi watu kumi, kuondoka Msamvu saa kumi na moja alfajiri, na kuanza kupanda saa tatu asubuhi. Ahadi ya tatu ndiyo iliyonifanya nitoe fedha bila kubishana bei, kwa sababu ukuta wa milima ile unatazama mashariki, na mtu yeyote aliyewahi kujaribu kupiga picha ya maporomoko anajua tofauti kati ya maji yanayopigwa na jua la asubuhi na maji yaliyokwisha kumezwa na kivuli cha mlima wake.

Tuliondoka Msamvu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini na tano, baada ya kuwasubiri wenzetu wawili ambao simu zao zilikuwa zikiita bila kupokelewa. Dakika thelathini na tano si msiba, na safari ya barabara kuu ya Iringa wakati kunapambazuka ina namna yake ya kumsahaulisha mtu, hasa pale inapokatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambapo dereva analazimika kupunguza mwendo na abiria wanapata kuona swala, pundamilia wachache, na twiga mmoja aliyekuwa amesimama kando ya lami kana kwamba anangoja daladala. Kando ya barabara hiyo kuna mabango yanayoorodhesha faini ya kugonga kila aina ya mnyama, na dereva wetu, namsifu kwa hilo, aliyaheshimu.

Tatizo lilianza Mikumi mjini. Tuliegeshwa mbele ya mgahawa kwa kile alichokiita chai ya dakika kumi, ambayo ilidumu dakika arobaini na tano, na ilipokwisha tukagundua kwamba haikuwa chai bali ni kusubiri abiria wengine watatu waliokuwa wameuziwa safari hiyohiyo kwa njia ya simu usiku uliotangulia. Sasa tukawa kumi na watatu. Nilipomkumbusha msimamizi wa kampuni, kijana mwenye ulimi mtamu, kwamba tangazo lilisema kumi, alinijibu, "Kaka, wote ni ndugu, gari lina nafasi." Nafasi ya kukaa ilikuwepo kweli. Nitaeleza baadaye kwa nini idadi ina maana kubwa zaidi ukishashuka garini.

Kutoka Mikumi mnaiacha barabara kuu na kushuka kusini kuelekea Kidatu, mnavuka mto Ruaha Mkuu, kisha mnaingia katika bonde la Kilombero ambako mashamba ya miwa yanatanda hadi pale macho yanapochoka. Upande wa kulia, milima inasimama ghafla. Hakuna vilima vya kukuandaa. Miwa inakoma, msitu unaanza, na msitu huo unapanda moja kwa moja hadi mawinguni. Nimewahi kusikia watu wakiisifu Udzungwa kwa kuwa msitu wake unaendelea bila kukatika kutoka nyanda za chini, kwenye mita 250 hivi, hadi zaidi ya mita 2,000, lakini maneno hayo hayakunipa picha yoyote mpaka nilipokiona kitu chenyewe kupitia dirisha la kosta lenye vumbi.

Jambo ambalo mgeni hana budi kulijua, na ambalo hakuna aliyetueleza, ni kwamba kijiji cha Sanje, ambako njia ya maporomoko inaanzia, mnakifikia kabla ya lango kuu la hifadhi lililopo Mang'ula. Kwa hiyo tuliyapita maporomoko. Tuliyaona kwa mbali, uzi mweupe ulioning'inia katikati ya kijani, jua likiupiga sawasawa, saa zikiwa ni tatu na nusu asubuhi. Abiria wote tulipiga kelele za furaha. Kisha tukaendelea mbele kilomita zipatazo tisa kwenda kulipa kiingilio, tukijua kwamba tutarudi njia ileile.

Langoni tulifika saa nne kasoro dakika kumi, na hapo ndipo safari yetu ilipoharibika. Hifadhi za taifa hazipokei fedha taslimu mlangoni. Malipo yanafanyika kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na raia wa Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi kwa kiwango chao wakionyesha vitambulisho. Msimamizi wetu hakuwa ameomba namba hiyo, hakuwa ameorodhesha majina yetu, na salio la simu yake halikutosha kulipia watu kumi na watatu kwa mkupuo. Ikawa ni kupiga simu Morogoro, kusubiri fedha ziingie, kuhesabu vitambulisho upya, na kumtafuta mmoja wa wale wenzetu wa Mikumi ambaye alikuwa amesahau chake nyumbani. Wakati sisi tumekaa kwenye mabenchi, kundi jingine la watu sita liliingia, likaonyesha stakabadhi iliyolipiwa siku iliyotangulia, likapewa mwongozaji na kuondoka kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu. Siwezi kutafuta mfano mzuri zaidi ya huo wa kueleza kwamba kosa halikuwa la hifadhi. Wahudumu wa lango walikuwa wastaarabu muda wote, na mmoja wao alitupa maelezo ya hifadhi bila kuulizwa: ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na hakuna barabara ya gari inayoingia ndani yake. Anayetaka kuiona lazima atembee kwa miguu.

Tulianza kupanda saa tano na dakika ishirini. Ratiba ilisema saa tatu.

Kutoka hapa lazima nibadilishe sauti, kwa sababu mwongozaji tuliyepangiwa na hifadhi alikuwa ni mmoja wa watu wachache niliowahi kukutana nao ambao kazi yao na furaha yao ni kitu kimoja. Ni kijana wa mojawapo ya vijiji vilivyo chini ya mlima, na alituambia kwamba alipokuwa mtoto aliingia msituni humo pamoja na bibi yake kuokota kuni, kabla utaratibu huo haujasitishwa mwaka 2011. Kwa hiyo alikuwa na macho mawili, jicho la mtu ambaye msitu ulikuwa jiko lake na jicho la mtu aliyesomea kuulinda, na hakujaribu kulificha lolote kati ya hayo mawili. Kabla hatujapiga hatua ya kwanza alikagua viatu vyetu mmoja baada ya mwingine. Binti mmoja aliyekuja na ndala, mwongozaji alimkatalia kwa upole mpaka binti huyo akaazima raba za dereva, ambazo zilikuwa kubwa kwake lakini zilifungika.

Njia yenyewe ni ngumu kuliko tangazo lilivyodai. Waliandika "matembezi mepesi," na mimi ningeandika kwamba ni kupanda mfululizo, mahali pengine kwa ngazi zilizochongwa kwenye udongo na kuimarishwa kwa magogo, mahali pengine kwa kukanyaga mizizi yenye utelezi, katika hewa nzito ya msituni inayokufanya utoke jasho hata pale ambapo jua halifiki. Mama mmoja wa kundi letu, mwalimu mstaafu, aliimaliza njia yote akiwa na fimbo ya kutembelea, ila alikuwa mtu wa mazoezi. Magoti yanaumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda. Mwenye historia ya magoti asidanganyike na urahisi wa saa ya kwanza.

Kipande kilichonifanya niandike tathmini hii kilitokea baada ya mwendo wa dakika arobaini hivi. Mwongozaji aliinua mkono, tukasimama. Juu yetu matawi yalikuwa yakitikisika, na baada ya kukodoa macho kwa muda tuliona kundi la mbega wekundu wa Udzungwa, wale wenye kofia ya manyoya mekundu kichwani, wakila majani kwa utulivu wa watu walio kwenye karamu isiyo na mwisho. Waongozaji wengi ninaowafahamu wangetaja jina la mnyama, wakasubiri picha zipigwe, wakaendelea. Huyu alituomba tukunje vidole gumba ndani ya viganja vyetu, kisha tujaribu kushika tawi lililokuwa karibu kwa vidole vinne vilivyobaki. Tulijaribu, watu wazima kumi na mmoja na vijana wawili, tukiwa tumeshikilia matawi kama wanafunzi wa chekechea. "Hivyo ndivyo mbega anavyoshika," alisema. "Hana gumba. Anaruka na kukamata tawi kwa ndoana ya vidole vinne." Kisha akaeleza kwamba tumbo la mbega lina vyumba kadhaa ambamo vijidudu huchachusha majani, na kwamba ndiyo sababu anapendelea matunda mabichi, kwani matunda mabivu yenye sukari nyingi huchachuka haraka na kumvuruga tumbo. Mwalimu mstaafu alimuuliza maswali matatu ya nguvu. Mawili aliyajibu, na la tatu alisema wazi kwamba halijui jibu lake na kwamba atauliza. Mwongozaji anayekubali kwamba hajui jambo fulani ndiye ninayemwamini kwa yale anayosema kwamba anayajua.

Baadaye kidogo tulisikia sauti nzito ikitoka bondeni, na akatuambia kwamba huyo ni mangabei wa Sanje, nyani mwembamba wa kijivu ambaye haishi mahali popote duniani isipokuwa katika misitu ya Udzungwa. Hatukumwona. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979, ilhali wazee wa vijiji vya hapa walikuwa wakimfahamu miaka yote, na mwongozaji alilisema hilo kwa tabasamu ambalo nadhani ameshalitumia mara nyingi. Alikuwa na kisa kingine ambacho kilitufanya tucheke hadi ndege wakaruka: kwale wa Udzungwa, ndege aliyegunduliwa na watafiti mwaka 1991, alianza kutambuliwa kwa miguu yake, baada ya watafiti hao kuikuta ndani ya sufuria ya chakula kambini na kujiuliza kwamba hii ni miguu ya kuku gani. Alitueleza pia, kwa maneno machache, sababu ya viumbe wengi namna hiyo kupatikana hapa tu. Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima mikongwe unaoanzia Taita nchini Kenya, na upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umeifanya misitu yake isikauke hata katika zama ambazo nyanda za chini zilikauka, kwa hiyo kila mlima ukawa kama kisiwa, na viumbe wake wakabaki na njia zao wenyewe za kuishi.

Sasa narudi kwenye ile idadi ya watu kumi na watatu. Njia ya msituni ina upana wa mtu mmoja. Kundi la watu kumi na watatu kwenye njia ya namna hiyo linakuwa mstari mrefu, na aliye nyuma hasikii neno hata moja la yule aliye mbele. Watu watano wa mwisho, wakiwemo wale watatu wa Mikumi ambao hawakuwa na kosa lolote, hawakusikia kisa cha kwale, hawakujua kwa nini sisi tulikuwa tumekunja vidole gumba, na walifika kwa mbega wakati mbega wamekwisha kuhama. Mwongozaji alijitahidi kurudia maelezo yake kila tulipopumzika, lakini kila marudio yalikula dakika tano ambazo hatukuwa nazo. Watu hao walilipa fedha sawa na mimi, wakapewa matembezi ya porini bila mwongozaji. Kama ningekuwa mmoja wao, tathmini hii ingekuwa fupi na kali.

Maji huyasikia kabla ya kuyaona. Mwanzoni nilidhani ni upepo, kisha nikadhani ni lori la miwa barabarani, na mwishowe sauti ikawa haina cha kufananishwa nacho. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita zipatazo 170 kwa jumla, yakishuka kwa ngazi tatu, na kila ngazi ina tabia yake. Tulifika kwenye dimbwi la ngazi mojawapo ya juu saa nane kasoro dakika kumi. Kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa maji bali upepo: maji yanapoanguka huvuta hewa pamoja nayo na kuisukuma nje yanapogonga dimbwi, kwa hiyo ukisimama hatua ishirini kutoka hapo, nguo zinapepea na uso unalowa ilhali juu ya miti hakuna jani linalotikisika. Mawe ya pembezoni yamefunikwa na ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Maji ni baridi kiasi cha kukata pumzi, na ni maangavu hivi kwamba unaona kokoto zilizopo chini.

Hapa mwongozaji alionyesha upande mwingine wa kazi yake. Kabla hajaruhusu mtu yeyote kuingia, alisimama kwa muda akiyatazama maji ya juu, na nilipomuuliza anatafuta nini, alisema anatazama rangi na vijiti. Mvua inaweza kunyesha huko kileleni wakati huku chini kuna jua, na maji yakianza kubadilika rangi au kuleta majani na vijiti vingi, watu wanatoka bila mjadala. Kisha akapima kina kwa fimbo ndefu sehemu mbalimbali, akaonyesha mpaka wa kuogelea, na akakataza kabisa kuruka kutoka kwenye jabali lililo pembeni, ingawa vijana wawili wa kundi letu walimwonyesha picha za watu waliowahi kuruka hapo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: mafuriko ya kila msimu husukuma mawe, kwa hiyo kina cha mwaka jana si ushahidi wa kina cha leo. Vijana walinuna, kisha wakaogelea kama wengine.

Nilimuuliza kuhusu upinde wa mvua, kwa kuwa picha iliyokuwa kwenye tangazo ilikuwa nao. Alitazama juu, ambako jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa mlima na kivuli kimeshafunika nusu ya maji. "Huo ni wa asubuhi, kaka," alisema. Ili upinde uonekane, jua lazima liwe mgongoni mwako na manyunyu yawe mbele yako, nalo liwe bado chini. Maporomoko haya yanatazama mashariki, kwa hiyo mambo hayo yote yanakutana asubuhi na hayakutani tena mchana. Wale watu sita tuliowaona langoni, ambao tulipishana nao wakishuka, walikuwa wameuona. Mmoja wao alitaka kunionyesha picha kwenye simu yake, nikamshukuru na kumwambia kwamba ninaharakisha.

Na kweli tulikuwa tunaharakisha. Dereva alikuwa amesisitiza kwamba gari litaondoka saa kumi kamili, kwa kuwa hakutaka kuipita Mikumi usiku, na katika hilo siwezi kumlaumu, maana barabara inayokatiza mbugani si mahali pa kuendeshea gizani. Kwa hesabu hiyo tulipewa dakika ishirini na tano kwenye dimbwi. Katika dakika hizo ilibidi tubadilishe nguo, tuogelee, tule na tuvae viatu. Chakula kilikuwa chapati mbili, yai, paja la kuku, ndizi na maji, vyote vya kutosha na safi, na nilikila nikiwa nimesimama huku suruali ikinichuruzika. Hatukufika ukingo wa juu, mahali ambapo, kwa maelezo ya mwongozaji, unasimama kando ya maji yanapoanza kuanguka na kuliona bonde lote la Kilombero na miwa yake limelala chini yako. Kwenye tangazo, mahali hapo pametajwa kwa jina la "kilele cha safari." Mtu mmoja alipouliza kama tungeweza kukimbia kufika huko, mwongozaji alisema hapana, na alisema hivyo kwa aibu ambayo haikupaswa kuwa yake.

Ikiwa kuna jambo moja la kumkosoa mwongozaji huyo, ni upole wake uliopita kiasi mbele ya msimamizi wa kampuni. Alijua tangu saa tano asubuhi kwamba muda hautatosha kufika juu, na nadhani angetuambia mapema tungeweza kuchagua wenyewe, ama tupunguze mapumziko ya njiani, ama tuache dimbwi tuende ukingoni. Ila namwelewa. Kampuni ndizo zinazomletea wageni.

Kushuka kulichukua saa moja na dakika arobaini, na siafu waliovuka njia katika mstari mweusi walitulazimisha kuruka mmoja mmoja, jambo lililorudisha vicheko katika kundi lililokuwa limeanza kununa. Tulifika Morogoro saa tatu kasorobo usiku. Kosta lilikuwa na mikanda inayofanya kazi, dereva hakukimbia hata mara moja, na vyoo pekee vya maana tulivyovikuta upande ule ni vile vya langoni, kwa hiyo vitumieni kabla ya kurudi Sanje.

Siku iliyofuata niliiandikia kampuni barua pepe nikieleza hayo yote kwa saa na dakika. Jibu lilikuja baada ya siku tatu, la adabu, likisema kwamba kulikuwa na tatizo la mtandao wa malipo langoni, na kunipa punguzo la shilingi 15,000 kwa safari itakayofuata. Niliwajibu kwamba mtandao huohuo uliwahudumia watu sita mbele ya macho yetu kwa sababu wao walilipa jana yake. Sijapata jibu la pili. Punguzo hilo sitalitumia, ingawa sina kinyongo na vijana wale, na nikisikia kwamba wameanza kulipa viingilio mapema na kuheshimu kikomo cha watu kumi nitakuwa wa kwanza kuwasifia, maana bei yao ni ya haki na gari lao ni zima.

Kwa anayefikiria kwenda, nina ushauri unaotokana na makosa ya kundi letu. Kabla ya kulipa, iombe kampuni ikutumie stakabadhi ya kiingilio yenye jina lako angalau siku moja kabla, na ikisita, tafuta nyingine. Uliza idadi ya juu ya watu kwa kila mwongozaji, si kwa kila gari, kwa sababu hayo ni maswali mawili tofauti. Beba kitambulisho chako halisi. Vaa viatu vyenye meno, chukua lita mbili za maji hata kama umeahidiwa maji, na weka nguo za kubadilisha kwenye mfuko wa kitambaa, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Miezi ya Juni hadi Oktoba njia huwa kavu na salama zaidi. Baada ya mvua maji huwa mengi na ya kutisha kwa uzuri, lakini ngazi zile za udongo sitaki kuzifikiria zikiwa zimelowa.

Ila ushauri wangu mkubwa ni kwamba anayetoka Morogoro asiifanye kuwa safari ya siku moja ikiwa ana uwezo wa kulala Mang'ula au Mikumi usiku uliotangulia. Hata kampuni yenye ratiba safi itakutoa Morogoro gizani, na saa zako za mchana zitagawanywa kati ya barabara na mlima. Ukilala karibu, unakuwa langoni mapema, unaanza kupanda kabla hewa haijawa nzito, na unafika kwenye maji jua likiwa bado upande wako.

Mimi nimeshampigia simu yule mwongozaji kupitia ofisi ya hifadhi na tumekubaliana mwezi Oktoba. Mwalimu mstaafu amesema anakuja, na ameniomba nimkumbushe mwongozaji kwamba bado anamdai jibu la swali la tatu.